Pipa la Tatu la Lami

Likoni, Jumatatu, 1 Machi 1948

Bwana Meja amenipa daftari hili niandike kazi ya kila siku, kama jeshini. Sawa. Lakini Kiswahili chake ni cha kuagizia chai na kutukania watu, kusoma hawezi, kwa hiyo nitaandika nipendavyo.

Kazi yenyewe ni njia ya gari, kutoka barabara kuu mpaka mlango wa hoteli yake hapa Shelly Beach. Yadi mia na ishirini. Ilitiwa lami kabla ya vita na tangu hapo hakuna aliyeigusa. Imepasukapasuka, majani yanaota katikati, na pale langoni pana mashimo matatu ambayo bata wa jirani huja kuoga mvua ikinyesha. Mkandarasi alikuja akataja bei, Bwana Meja akamfungulia mbwa. Akasema tutaitengeneza wenyewe, kwani si yuko Koplo Tsofa aliyejenga barabara Habeshi?

Koplo Tsofa ni mimi. Dishon Tsofa wa Kaloleni, miaka minne katika kikosi cha barabara, na sasa mnyapara wa hoteli yenye vyumba tisa.

Wageni wa Pasaka wataingia Alhamisi ya tarehe 25. Siku hiyo njia isipokuwa tayari, nitoke kwenye chumba cha nyuma, mimi na mke wangu Sidi na watoto wetu. Aliniambia hayo huku akinigonga kifuani na ncha ya fimbo yake, mara tatu.

Mapipa manne ya lami yameletwa kwa lori alasiri. Nimeyalaza ubavu chini ya ukuta, kando ya lundo la makuti, iwe rahisi kuyabingirisha siku ya kazi.

Jumanne, 2 Machi

Nimepewa watu wawili. Wa kwanza ni Ngumbao, ndugu yake Sidi, mlamu wangu. Ni mtu wa mwili mkubwa na mpole mpaka anakera. Ukimwuliza jambo huutazama moyo wake kwanza ndipo ajibu, hata ukimwuliza kama amekula. Wa pili ni Kefa, mtu wa bara, kwao Maseno, aliyekuwa kuli bandarini. Ana mikono ya kazi na mdomo wa kazi pia.

Tumeanza kufagia.

Alhamisi, 4 Machi

Kufagia. Mchanga wa miaka kumi. Ngumbao ameona nge akamchukua kwa beleshi akamtupa nje ya ua, badala ya kumponda. Nikamwuliza huyo nge ni jamaa yake? Akafikiri, akasema hapana.

Jumamosi, 6 Machi

Leo ni madoa ya mafuta. Lami mpya haikai juu ya mafuta, hili nililijua Habeshi kwa kuchapwa. Tumesugua kwa magadi na sabuni, tukamwagia maji, tukasugua tena.

Bwana Meja alikuja akaona Kefa amechuchumaa, akamwuliza mbona amekaa. Kefa akasema mtu hasugui akiwa amesimama. Bwana Meja akaipiga teke ndoo ya magadi ikammwagikia Kefa usoni, kisha akampiga fimbo ya sikio. Damu ilitoka kidogo. Mimi nilikuwa hatua nne, nimesimama wima na mikono ubavuni.

Alipokwisha kwenda, Kefa alikuwa ananitazama mimi.

Jumanne, 9 Machi

Leo tumechemsha lami kwa mara ya kwanza. Nyufa zote tumezikwangua kwa vyuma, tumeng'oa majani na mizizi yake, tukapuliza vumbi. Ufa wenye vumbi ndani ukiutia lami unakudanganya mwezi mmoja tu.

Nikawafundisha moto. Moshi ukiwa wa buluu mwembamba, lami iko tayari. Ukigeuka manjano, imeungua, itakuwa kavu na itapasuka. Na juu ya yote, maji. Tone la maji likiingia kwenye lami inayochemka, inafura na kumwagika, na ikifika motoni inawaka. Niliwaambia mara tatu, nikawafanya wanirudishie maneno.

Saa nne Kefa akachota kwa kopo alilolinywea maji. Lami ikafoka, ikapanda juu ya karai, ikashuka motoni na moto ukasimama kimo cha mtu. Tuliruka. Ngumbao akauzima kwa mchanga, beleshi baada ya beleshi, nyusi zake zimeungua.

Nilimshika Kefa kwenye shati nikampiga makofi mawili. La tatu aliudaka mkono wangu hewani, akaushika. Ana nguvu kunishinda, sikulijua hilo.

"Koplo," akasema, "Meja anakupiga wewe, wewe unanipiga mimi. Sasa mimi nipige nani?"

Nikamwambia arudi kazini. Mkono aliuachia alipotaka yeye.

Ijumaa, 12 Machi

Nyufa zimekwisha. Joto kali, hata upepo hauna nguvu. Mwisho wa kaskazi huwa hivi, hewa inasimama ikingoja mvua ya mwaka.

Jumapili, 14 Machi

Kanisani. Ngumbao alisimama na waimbaji, na kwa hizo nyusi zilizoungua watoto walicheka mpaka mwalimu akagonga meza.

Nyumbani Sidi akaniambia, "Baba Mbeyu, yule mtu wa bara usimpige tena." Nikamwuliza nani amemwambia. Akasema mtoto wetu Mbeyu aliona kupitia ua. Nikamwambia jeshini nilipigwa na nikawa mtu. Akasema, "Wewe ulikuwa mtu kabla ya kwenda." Nilipiga ngumi ukutani. Sikumpiga yeye. Ukuta wa udongo umebonyea na mkono wangu umevimba.

Jumanne, 16 Machi

Mashimo. Shimo la barabara halijazwi hivi hivi. Unalikata kingo liwe mraba, unafagia, unapaka lami pembeni, unatia kokoto kubwa, unashindilia, unatia ndogo, unashindilia, kisha lami na kokoto pamoja, unashindilia mpaka mabega yanalia. Ngumbao ameshindilia siku nzima huku anaimba nyimbo za kanisani. Mimi na Kefa hatusemezani ila kwa mambo ya kazi.

Mapipa mawili yamekwisha. Yamebaki mawili ya kupaka juu, mwendo wa njia nzima. Yanatosha, nimehesabu. Baharini kumeanza kujikusanya mawingu jioni.

Alhamisi, 18 Machi

Pipa la tatu halina lami.

Asubuhi tulilibingirisha na mara moja nilijua, likaja jepesi mno, likanipiga kwenye ugoko. Kizibo kilikuwa kimelegea, kinaning'inia kwa uzi mmoja wa skrubu yake. Nikalisimamisha nikachungulia. Chini kabisa imebaki shubiri moja. Juu yake pipa lote tupu.

Mtu amefungua kizibo akachota. Amechota siku nyingi, kidogo kidogo, na kila asubuhi akaja kunisalimu.

Bwana Meja alinikuta bado nimelishika. Hakuuliza mengi. Fimbo ya kwanza ilinipata begani, ya pili usoni, chini ya jicho. Akasema lami haitanunuliwa nyingine, Jumatano jioni aione njia nyeusi kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mwizi anamtaka mkononi, la sivyo mwizi ni mimi. Mbeyu alikuwa ameteka maji, amesimama na ndoo kichwani, akaona yote.

Nikawapanga watu wangu wawili kama gwaride. Nikamwendea Kefa moja kwa moja, nani mwingine? Nikamwambia, umeiuza wapi?

"Mimi sio mwizi," akasema.

Nikasema watu wa bandarini wote tunawajua. Akanisukuma. Nikampiga ngumi ya mdomo, akanijibu kwa kichwa, tukaanguka kwenye mabaki ya kokoto tukabiringishana, mimi nikitafuta macho yake kwa vidole, yeye akitafuta koo langu. Ngumbao alituachanisha kwa kutuinua, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule.

"Mlamu, hebu ngoja," akasema. "Kama hakuna aliyeona, tutajuaje? Kwetu mambo haya yana njia yake."

Namshukuru kwa neno hilo. Nimelifikiri mchana kutwa. Kwetu ukipotea mzigo na watu wakakana, ni kiraho, kiapo cha moto. Nilikiona mara moja nikiwa mdogo, kijijini, kabla sijapelekwa misheni. Mganga alitia shoka motoni likawa jekundu, akalisemesha, akalipitisha kwenye viganja vya watu tisa. Wanane walitikisa mikono yao wakaenda zao bila alama. Wa tisa alibabuka kiganja kizima, akaanguka chini akataja mbuzi watatu aliowachinja. Hayo niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Kanisa linakataza. Serikali pia. Lakini kanisa halitanipa chumba tarehe 25.

Ijumaa, 19 Machi

Naandika kwa taabu, jino la mbele limevunjika na kichwa kinagonga.

Bwana Meja alivuka kwenda mjini asubuhi. Nikawasha moto. Nikachukua shoka la kupasulia kuni. Nikawaeleza kiraho, nikasema maneno ninayajua, niliyashika tangu siku ile.

Kefa akacheka. "Shoka ni lenu na dawa ni yenu. Huyu ni shemeji yako. Utampakia yeye majani ya kuzuia moto, mimi utanichoma."

Ngumbao akatikisa kichwa, akasema hakuna dawa ya kuzuia. Kefa akasema hata hivyo, shoka hapana.

Hapo ndipo nikasema, basi si shoka. Kilichoibiwa ni lami, lami ndiyo itakayosema. Nayo hakuna anayeweza kuiganga, tumeipika wote watatu. Nilisema kwa hasira, lakini neno lilipokwisha toka nililiona jema. Ngumbao aliutazama moyo wake, muda mrefu kama kawaida yake. Kisha akasema, "Ni haki. Nianze mimi. Mimi sina kitu, nitatoka salama, na Kefa ataona kwamba hakuna cha kuogopa."

Alinawa mkono wa kulia kwa sabuni akaukausha kwenye shati, akaunyoosha. Ulikuwa umetulia. Nikachota kwa upawa, nikasema, "Wewe lami, kama mtu huyu alikuiba, mshike. Kama hakukuiba, mwache aende." Nikamwaga.

Kwanza hakulia. Alitikisa mkono kama walivyotikisa wale wanane. Lami haikutoka. Akatikisa tena, kwa nguvu, mkono mzima mpaka begani, na lami imenata pale pale inaendelea kumla. Akaishika kwa mkono wa kushoto aibandue, vidole vya kushoto navyo vikanasa. Ndipo akalia. Sijapata kusikia mtu mkubwa akilia hivyo, hata vitani. Nikamtumbukiza mkono kwenye pipa la maji, maji yakafoka. Lami ilipoganda niliishika ukingoni nikavuta. Ilitoka pamoja na ngozi yote ya kiganja.

Kefa alikuwa anapiga kelele. "Inashika kila mtu! Lami inashika kila mtu, wewe mjinga!" Alichukua beleshi akanipiga nalo mdomoni kwa ubapa, na nilipokuwa magotini akanipiga tena mgongoni. "Mimi nilitoka kwetu na mikono mbili, nitarudi nayo mbili," akasema. Alilitupa beleshi, akaruka ua. Hatarudi.

Ngumbao alikuwa amekaa chini, anautazama mkono wake. Akasema taratibu, "Mlamu, imenishika."

Nami namwandika hapa: mwizi ni Ngumbao. Mlamu wangu, aliyekula kwangu, aliyembeba Mbeyu mgongoni. Nimemkasirikia kuliko nilivyomkasirikia yule wa bara.

Jumamosi, 20 Machi

Nilimwambia Bwana Meja mwizi amepatikana. Kiraho sikukitaja. Nilisema mkono ameungua kazini.

Akaletwa askari. Ngumbao alitoka chumbani kwake mkono umefungwa leso ya Sidi. Askari akamwuliza, "Uliiba lami?" Nilidhani atakana. Akasema, "Nadhani niliiba." Askari akamwambia hakuna nadhani, uliiba au hukuiba? Ngumbao akafikiri mpaka Bwana Meja akaanza kupiga fimbo kwenye kiatu.

"Nilitamani," akasema. "Tulipozibua lile pipa la kwanza nilisema moyoni, lami kama hii ingetosha paa la mama. Nilitamani siku nyingi. Kuchukua sikumbuki. Lakini mkono umesema, basi nilichukua."

Askari aliandika neno la mwisho tu. Wakaondoka naye. Kesi ni Jumatano ya tarehe 31.

Sidi amelala kwa watoto.

Jumapili, 21 Machi

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 22 Machi

Mvua ya kwanza imepita asubuhi, robo saa tu, kisha jua. Lami haipakwi juu ya unyevu. Nikasema nifunike kile kipande kilichokauka langoni, isije ikanyesha tena. Nikaenda kuvuta makuti kwenye lundo.

Kuti la juu lilitoka. La pili likatoka. La tatu likagoma.

Nikainama nikavuta kwa mikono miwili, likaja na lami. Chini ya lundo, lami. Nikafukua kama mbwa. Imeshuka kutoka pale lilipolala pipa la tatu, chini ya mchanga ulioletwa juu yake na upepo, ikafuata mteremko, ikaingia chini ya makuti, ikanywa mchanga, ikatandaa upana wa mkeka wa watu sita. Nene. Nyeusi. Yote iko pale, haikupungua hata kikombe.

Kizibo kililegea ndani ya lori, na mimi nikalilaza pipa kizibo kikiwa chini, kwenye jua la Machi. Sajini wetu alikuwa akituambia kila siku, pipa husimama, kizibo juu. Kila siku! Na mimi nikayalaza ubavu ili iwe rahisi kuyabingirisha.

Hakuna mwizi. Hapakuwa na mwizi hata siku moja.

Nimekaa juu ya makuti mpaka jua limenipata kichwani. Nikitaka kwenda kituoni ni lazima niseme pipa nililaza mimi. Watauliza mkono wa Ngumbao uliungua vipi, na kiraho ni kifungo. Nikifungwa, Sidi na watoto wako barabarani. Nikinyamaza, Ngumbao amefungwa. Na Jumatano Bwana Meja anataka njia nyeusi.

Nimefunika kwa makuti.

Jumanne, 23 Machi

Nimeyafunua. Nimekata lami ile kwa shoka vipandevipande, pamoja na mchanga wake, nikaitia karaini nikaiyeyusha na pipa la nne. Yenye mchanga hata ni bora, inakamata zaidi. Nimepaka kwa ufagio mgumu, kutoka mlango wa hoteli kurudi nyuma, nikifuta kila hatua ninayokanyaga. Nilijiambia naokoa chumba cha watoto, ya Ngumbao nitayatengeneza baadaye. Mikono ilikuwa inafanya kazi na mimi niliiacha ifanye.

Jumatano, 24 Machi

Lami mbichi hunyunyiziwa mchanga laini ili isinase magurudumu. Peke yangu nisingewahi. Saa tano Sidi alikuja bila kuitwa, amejifunga kanga kiunoni, akabeba mchanga kwa ungo kutoka pwani, safari baada ya safari. Alikuwa anarusha vizuri, mwembamba na sawasawa, kama anarushia kuku mtama.

Katikati ya njia alisimama akafuta jasho. "Laiti Ngumbao angekuwapo," akasema, "tungekuwa tumemaliza."

Nikasema ndiyo.

Tulimaliza kabla jua halijatua. Bwana Meja alikuja akakanyaga ukingo kwa kisigino, akasema, "Mzuri." Neno hilo sijalisikia kwake tangu niajiriwe.

Alhamisi, 25 Machi

Wageni wameingia. Magari matano.

Ijumaa Kuu, 26 Machi

Nimemwambia Sidi.

Alikuwa anatwanga mahindi uani. Nilimweleza tangu mwanzo, pipa, kizibo, makuti. Alikuwa anaitikia "ee, ee," bado anatwanga. Nilipofika kwenye Jumatano, kwamba ile lami tuliyoifunika mchanga ndiyo ile ile, mchi ulisimama.

"Mimi niliifunika," akasema.

Nikasema hukujua.

"Mimi nimeifunika kwa mikono yangu, na wewe umesimama unanitazama."

Alinipiga na mchi. Nilikinga kwa mkono wa kushoto na nikausikia mfupa ukilia. Akapiga tena, bega. Nilishusha mikono nikamwacha. Mbeyu alikuja mbio akamshika mama yake kiunoni, akilia, na Sidi akaendelea kupiga mtoto akiwa anamning'inia. Aliacha pumzi zilipomwishia.

"Utakwenda ukaseme," akasema. "Yote. Na mkono pia. Usiposema wewe nitasema mimi kanisani, mbele ya kila mtu, siku ya Pasaka."

Nimefunga mkono kwa kipande cha ubao. Nimemwahidi. Naona haya, na naogopa, na vyote viwili ni vya kweli.

Jumapili ya Pasaka, 28 Machi

Tulikaa mbalimbali. Hakusema, kwa kuwa nimeahidi.

Jumanne, 30 Machi

Ofisi zilifungwa mpaka leo. Nilianza na Bwana Meja, nikidhani neno lake litakuwa na uzito kortini kuliko langu. Nikamwambia lami haikuibiwa, ilivuja, nimeipaka yote, ndiyo hiyo magari yanapita juu yake.

Aliangalia njia yake. Akaniangalia mimi. Akasema lami ipo, njia ni nzuri, wageni wamefurahi, mwizi amekiri, sasa mimi nataka nini? Nikasema nataka amtoe Ngumbao. Akainua fimbo. Nikaidaka. Kwa mkono wangu mmoja mzima niliishika, nikaiegemeza chini, nikaikanyaga ikavunjika. Tulisimama hapo wawili, nikaona kwamba ni mzee na shingo yake inatetemeka. Nilitaka kumpiga kwa kile kipande, Mungu anajua nilivyotaka. Nilikitupa chini.

Akafungua mbwa. Mmoja amenitoa nyama ya paja kabla sijafika langoni. Vitu vyetu vilikuwa nje saa nane. Sidi amewapeleka watoto kwa mwanamke mmoja wa kanisani, na yeye amelala huko.

Jumatano, 31 Machi

Tumevuka asubuhi, mimi na Sidi, tumeketi mbalimbali kivukoni.

Kortini walimleta Ngumbao saa nne. Amekonda. Mkono wa kulia umefungwa bandeji nene, na vidole vinavyotokeza vimekunjana, havikunjuki. Mtu wa zahanati aliniambia mlangoni kwamba havitakunjuka tena. Karani akasoma shtaka kwa Kizungu, kisha kwa Kiswahili. Ngumbao akaulizwa. Akasema, "Ni kweli."

Nikasimama. Askari akataka kuniketisha, nikasema kwa sauti ya gwaride, ikamfikia hakimu. Alinipa ruhusa. Nikasema yote, sikubakiza. Pipa. Makuti. Kwamba lami iko njiani pale hotelini. Hakimu akauliza nani aliuchoma mkono wa huyu mtu. Nikasema ni mimi, nilimlisha kiraho, anifunge mimi.

Hakimu akamgeukia Bwana Meja aliyekuwa ameketi mbele. Bwana Meja akasema mnyapara huyu amefukuzwa kazi jana na ana kinyongo, na kwamba mshtakiwa ni ndugu ya mkewe. Watu nyuma wakacheka.

Kisha hakimu akamwuliza Ngumbao, nani alikuchoma mkono?

Ngumbao akafikiri. Korti nzima ikamngoja.

"Niliungua kazini, bwana," akasema. "Mlamu wangu ananihurumia. Mimi ndiye niliyechukua."

Miezi sita. Ilikwisha kwa muda wa kunywa chai. Sidi alitoa sauti moja tu, akaziba mdomo kwa kanga.

Nilimwahi kwenye ukumbi kabla hawajamtoa nje. Nilimshika begani nikamwambia, "Ngumbao, nisikilize. Niliikuta yote. Ilivuja. Hukuiba kitu, hakuna aliyeiba. Rudi useme."

Akanitazama na yale macho yake, bila chuki yoyote, na ningependa angenitemea mate. Aliinua ile bandeji akaiweka kati yetu.

"Na huu je?" akauliza. "Kama sikuiba, mlamu, huu niliupotezea nini?"

Nikarudia kwamba ilivuja, yote iko njiani.

"Niachie wizi wangu," akasema.

Askari akamvuta kwa mkono wa shati, kwa kuwa pingu hazikuweza kupita juu ya bandeji.